Chungu Kilichopinduliwa Mlangoni

Wapendwa, kaeni. Najua jua limeshapanda na kuna watu wameacha maharage jikoni. Sitawachelewesha, ila leo sitawabembeleza pia. Nina hasira. Nimelala nayo siku tatu, kinyume kabisa na ninavyowafundisha, na asubuhi hii nimeona heri niilete hapa kuliko kuendelea kuilalia.

Alikuwako mama mmoja mfinyanzi. Jina simpi, kwa sababu nikimpa jina mtaanza kumtafuta kwa jirani, nami nataka tumtafute karibu zaidi ya hapo.

Mama huyu alifinyanga tangu msichana. Vyungu vya mboga, vyungu vya maharage, mitungi ya maji. Kazi waligawana wawili, yeye na mdogo wake. Yeye alifinyanga na kuchoma, mdogo wake akauza siku ya gulio. Na wafinyanzi wa kwao wana desturi moja ambayo naomba muishike vizuri, maana mbele tutaihitaji. Ukinunua chungu kikavuja, huendi kupiga kelele sokoni. Unakibeba asubuhi na mapema, unakwenda kwa yule aliyekukabidhi, unakipindua mlangoni kwake, mdomo chini kitako juu, unaondoka zako. Naye haruhusiwi kusema, "Si mimi niliyefinyanga." Haruhusiwi kusema udongo mwaka huu ulikuwa mbaya, wala kukuuliza ulikiweka motoni namna gani. Anakuletea kingine kizima. Akishakuletea, hapo sasa ana ruhusa ya kwenda kwa mfinyanzi wakagombane mpaka wachoke. Kwanza chungu, kisha ugomvi. Mpangilio huo hawaugeuzi hata kwa ndugu wa damu.

Basi macho ya mama yule yakaota utandu. Mtoto wa jicho, la kulia kwanza, la kushoto likafuata. Kufinyanga hakukumshinda, kwa kuwa vidole vyake viliijua kazi kuliko macho. Alikanda udongo, akaunyanyua ukawa chungu, akalainisha mdomo wake kwa kipande cha kibuyu, na kama ungemkuta usingejua kuwa haoni. Kilichomshinda ni moto. Chungu hakiivi kwa saa, ndugu zangu, kinaiva kwa rangi. Mfinyanzi anatazama mpaka aone wekundu fulani, ndipo anajua kwamba sasa tayari. Yeye wekundu ule hakuuona tena. Akawa anabahatisha. Akatoa vyungu vibichi, mdogo wake akaviuza bila kujua, na siku ya pili kimoja kikarudishwa kwa mdogo wake, kimepinduliwa mlangoni, kitako kimeshaanza kuwa matope.

Mdogo wake alifanya inavyopasa. Alimpelekea mteja chungu kizima, hakutia neno. Kisha akafunga kanga kiunoni, akaja kwa dada yake.

"Dada, umenitia aibu gulioni."

"Najua."

"Kama moto huuoni, acha kuchoma."

"Nikiacha kuchoma nifanye nini? Nikae kwenye mkeka nisukumiwe sahani?"

Wakagombana, wakalia, wakanywa uji. Lakini neno lile la sahani ndilo lililokuwa moyoni mwa mama yule. Giza hakuliogopa sana. Aliogopa siku ambayo watu wangekuwa wanajadili mbele yake nani leo ni zamu yake kumlisha.

Kisha akasikia tangazo. Alilisikia mahali anapopaamini, akaliamini. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya wilaya, Jumatatu mpaka Jumatano, bure. Wanautoa utandu, wanakuwekea kioo kidogo ndani ya jicho, kesho yake kitambaa kinafunguliwa unaona. Mama yule alishika mkono wa mtu aliyekaa pembeni yake, hata hakumjua ni nani, akaubana. Tangazo likaendelea. Safari hii hakuna foleni, hakuna makaratasi, kila mwenye shida ya macho ajiandikishe mwenyewe kwenye mfumo kwa simu. Watu wakapiga makofi. Maendeleo hayo!

Yeye simu yake ilikuwa kitochi, ya kupigia na kupokelea tu. Akaongozwa na mdogo wake mpaka kwa mwalimu mstaafu, jirani yao, mwenye simu ya kupangusa. Mwalimu akavaa miwani, akaanza kujaza. Jina. Kijiji. Mwaka wa kuzaliwa.

"Andika mwaka wa nzige," alisema mama.

Mwalimu akahesabu kwa vidole, akaandika. Wakafika mwisho, simu ikataka picha ya uso. Ikachora duara. Weka uso ndani ya duara, fumbua macho, tazama simu. Mwalimu akamgeuza mama kwenye mwanga, akanyoosha mkono, akabonyeza. Simu ikaandika: Macho hayaonekani. Jaribu tena.

"Fumbua macho, mama."

"Nimefumbua, mwalimu."

"Fumbua zaidi kidogo."

"Zaidi ya hapa yatadondoka."

Macho hayaonekani. Jaribu tena. Wakajaribu mara ya tatu, dirishani, mdogo wake amemshikilia kidevu. Simu ikaandika: Umejaribu mara nyingi. Rudi kesho. Ikafunga.

Mmeelewa kilichotokea, au niseme tena? Mfumo ule ulitaka kuona mboni, mboni nyeusi, ndipo ukubali kwamba huyu ni mtu. Na mboni za mama yule zilikuwa zimefunikwa na ugonjwa uleule uliompeleka kujiandikisha! Wahenga walituambia, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Hawa walikwenda kwa vipofu wakawaambia, fumbueni. Hivi kweli, katika watu wote waliokaa kwenye meza ile, wakanywa maji ya chupa, wakasema mfumo umekamilika, hakukuwa hata na mmoja aliyeuliza, "Jamani, wanaokuja kwenye kambi ya macho, macho yao yakoje?" Hata mmoja?

Jumatatu wakajaribu tena mara tatu, ukafunga tena. Jumanne alfajiri mama akasema, "Nipelekeni mimi mwenyewe. Hospitali si simu, hospitali ina watu." Mdogo wake akamshika mkono, wakaenda.

Getini kulikuwa na turubai, chini yake meza, na mezani karani mwenye orodha. Nje ya turubai watu wamekaa chini, wengine wameshikwa mikono na wajukuu, wengine wamefumba macho kwa sababu mwanga unauma. Walikuwa wengi. Wote wale mfumo ulikuwa umewaambia macho yao hayaonekani.

Karani akapitisha kalamu kwenye orodha. "Mama, jina lako halimo."

"Ndiyo maana nimekuja uliandike."

"Mimi siandiki. Mimi naweka tiki kwa walioandikwa. Ungejiandikisha mapema. Si unajua, asiyekuwepo na lake halipo."

"Mwanangu, mimi nipo. Huyu hapa mbele yako ni nani?"

Karani hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, akamwita afisa aliyesimamia kambi. Afisa akaja na simu sikioni, akasikiliza nusu. Akasema wao ofisini walinunua mfumo tu, hawakuutengeneza, na aliyeutengeneza yupo, kaja kutoka mjini, aulizwe huyo. Akaongeza kwamba tatizo kubwa ni elimu kwa wananchi. Wananchi waelimishwe.

"Nielimishwe nini, baba?" mama akauliza. "Kuona?"

Watu waliokaa chini wakacheka, cheko la uchungu. Afisa akarudi kwenye simu yake.

Akaitwa fundi wa mfumo, dada mmoja mpole, kompyuta ameikumbatia kifuani. Alimwamkia mama kwa heshima, akachuchumaa ili walingane, akamtazama macho yale meupe. Nadhani alielewa palepale, maana sauti ilimbadilika.

"Pole sana, mama yangu. Tulitengeneza kama tulivyoagizwa. Ofisi ilitaka picha ili mtu asijiandikishe kwa jina la mwenzake."

"Mlikijaribu kitu hiki kabla ya kukileta?"

"Tulijaribu, mama. Na watu hamsini."

"Wenye macho ya namna gani?"

Dada akainama. "Wenzangu wa kazini."

"Sasa si ukifungue? Mfinyanzi si wewe?"

"Siruhusiwi kubadilisha kitu bila barua ya ofisi."

Na ofisi ilikuwa hatua ishirini kutoka pale, imesimama kivulini na simu sikioni! Fundi akaenda kumwambia afisa. Afisa akasema barua lazima itoke mkoani. Fundi akarudi, akasema ameomba. Karani akasema yeye anasubiri orodha mpya. Wakawa wanatupiana mpira, na mpira wenyewe ni macho ya watu.

Na huko ndani mnajua kulikuwa na nini? Vitanda vimetandikwa mashuka meupe, na vitupu. Daktari amevaa glavu, anavua, anavaa. Walioingia wachache, na wengi wao waliona vizuri tu, walikuja kupimiwa miwani ya kusomea. Ndio ambao mfumo uliwapenda, kwa kuwa walikuwa na macho. Mwishowe daktari akatoka mwenyewe hadi getini kuuliza wagonjwa wake wako wapi. Akawaona wamekaa chini. Akawasha tochi ndogo, akammulika mama yule, hili jicho, na hili.

"Huyu ni kazi ya robo saa," akasema. "Kesho angekuwa anahesabu kuku wake. Mleteni ndani."

"Hana namba, daktari," afisa akajibu. "Bila namba ya mfumo, stoo haitoi kioo."

"Vioo vimejaa maboksi!"

"Vimejaa, lakini vinatoka kwa majina, daktari."

Daktari akafoka, wapendwa, akafoka kweli, akaita stoo nayo ikasema vilevile. Hata yeye mwenye kisu mkononi mfumo ulimfunga mikono. Mama alilala barazani usiku ule na mdogo wake, na Jumatano wakakaa getini mchana kutwa. Barua haikuja. Jioni lori likapakia maboksi, yamefungwa kama yalivyokuja, likaondoka.

Na kwenye taarifa ya kambi, mnataka kujua kiliandikwa nini? Kiliandikwa kwamba lengo halikufikiwa kutokana na mwamko mdogo wa wananchi. Mwamko mdogo! Watu waliolala chini getini! Mama wa watu ametembea haoni anapokanyaga, ameamka kabla ya jogoo, halafu mtu aliyeamka saa tatu anaandika kwamba huyu hana mwamko. Mungu anaisoma taarifa hiyo, nawaambieni.

Kabla hajaondoka getini, mama yule aliuliza swali moja. Hakufoka. Aliwageukia pale aliposikia sauti zao, karani, afisa, fundi, akasema, "Kwetu chungu kikivuja tunamrudishia mkono uliokabidhi. Naombeni mniambie. Mfumo huu, kati yenu ni nani aliyenikabidhi?"

Karani akasema si yeye, yeye ana orodha tu. Afisa akasema si yeye. Fundi akafuta machozi, akasema, "Mama, mimi sijawahi kukuona kabla ya jana."

"Kweli," mama akasema. "Hata mimi sauti zenu zilikuwa ngeni kwangu. Haya, asanteni. Nimeshajua ni nani."

Akashikwa mkono, akarudi nyumbani.

Sasa ndugu zangu, mpaka hapa naona vichwa vinatikisika. Mnamkasirikia afisa. Mama pale mbele amesema "shindwa" kwa sauti, nimemsikia. Wazee wamekunja nyuso. Vizuri. Kasirikeni. Shikeni hasira hiyo hivyohivyo, msiiachie, nimalizie.

Alhamisi iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, nilifungua mlango wa nyumba yangu pale nyuma ya kanisa. Nikajikwaa, nusura nianguke. Chungu. Mdomo chini, kitako juu.

Hiki hapa. Nimekuja nacho. Mzee, nisaidie kukiweka hapo juu ya meza wote wakione.

Mnadhani nimetunga? Jumapili mbili zilizopita, matangazo, la tatu. Nani analikumbuka? Katibu wa usharika alilisoma, akasimama hapo, mimi nimekaa hapa. Na aliposema "kwa simu, hakuna foleni," nani alipiga makofi? Mimi nilipiga. Nilishika kipaza sauti baada yake nikasema, "Usharika wetu sasa umeingia kwenye dunia ya kisasa." Nilitabasamu. Mkono ule alioubana yule mama kwa furaha, mwenye mkono huo yumo humu ndani, anajijua. Sisi ndio mahali anapopaamini. Kwa afisa hakuwahi kufika, fundi hakuwahi kumsikia. Alitusikia sisi.

Na nitawaambia nilichofanya nilipokiona chungu, ili mjue mchungaji wenu ni mtu wa namna gani. Nilisema, "Lakini mimi si fundi wa simu." Nilisema peke yangu mlangoni, hakuna aliyeniuliza. Nikasema ofisi ndiyo iliyoleta karatasi, sisi tulisoma tu. Tulisoma tu! Nikajisikia, na sauti ilikuwa ya yule karani.

Kwa hiyo leo sisi tusiulize tena nani anahusika, kana kwamba ni fumbo. Fundi anahusika, alijaribu kwa macho mazima kitu cha macho mabovu. Ofisi inahusika zaidi, iliagiza mlango usioweza kufunguliwa na wale waliojengewa. Lakini ukimjua mtu atakayepita, nawe ukamwambia "pita hapa, ni pazuri," wewe unahusika kabla ya wote, kwa kuwa alikuamini. Nani kati yetu alikifungua kile kitu cha simu akakijaza mwenyewe kabla ya kukisoma hapa? Nani aliwaza, katika viti hivi, ni wangapi wana kitochi? Wangapi wanashikwa mkono kuja kanisani? Tunawaona kila Jumapili, tunawasogezea benchi, halafu tunawasomea tangazo lisilowahusu na kuliita lao. Kuna kipofu mmoja wa zamani alikaa kando ya njia akapaza sauti, na umati ukamwambia anyamaze. Siku zote tulidhani umati ule ni watu wengine.

Basi kwanza chungu, kisha ugomvi. Madaktari wale wamehamia wilaya ya jirani, wanaanza kesho. Lori la mchanga la mzee wetu mmoja limeoshwa, litakuwa hapa saa kumi alfajiri. Kila mwenye shida ya macho, awe ameandikwa au hajaandikwa, apande. Na kila mmoja wao apande na mtu mwenye macho mazima kutoka humu. Siwaahidi kwamba watapokelewa. Nawaahidi kwamba wakikaa chini getini, tutakaa nao, mchungaji wenu akiwa wa kwanza, mpaka ile barua ipatikane mkoani au maafisa wachoke kutuona. Ugomvi tutaufanya hukohuko, kwa heshima, na kwa sauti. Na tangu leo, hakuna tangazo la kujiandikisha kwa simu litakalosomwa kwenye kanisa hili kabla ya mtu mzima mmoja asiyeona vizuri, na mmoja asiyejua kusoma, kulijaribu mbele ya wazee wakafika mwisho.

Chungu hiki hakitoki juu ya meza hii. Kitakaa kimepinduliwa hivyohivyo, harusi zije zikikute, maaskofu waje wakikute, mpaka mwenyewe aje akigeuze kwa mkono wake.

Naona mmeanza kugeuza shingo, mnatafuta. Ndiyo, yumo. Ameketi upande wa kushoto na mdogo wake, pale anapoketi kila Jumapili. Msigeuke kumtazama, hatawaona mkimtazama. Geukeni huku, mnitazame mimi.